Sura ya 6: Asilimia 94 ya Nani?

Kila Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, redio na magazeti hutuletea asilimia mpya. Iliyosikika sana Tanzania katika miaka ya karibuni ni hii: kati ya watu wazima wanaojua kwamba wana VVU na wanatumia dawa za ARV, takriban 94 katika kila 100 wamefubaza virusi, yaani virusi vyao vimeshuka hadi kiwango cha chini sana. Ni habari njema, na ni ya kweli. Lakini msomaji wa kawaida, hasa yule anayeishi na VVU au anayemuuguza ndugu yake, huuliza swali ambalo wataalamu hulipita haraka: wamejuaje? Nani aliwahesabu watu hao, kwa kipimo gani, na nani hakuhesabiwa? Swali hili lina uzito, kwa sababu kwa namba hizo wizara hupanga bajeti, wafadhili huamua wapi wapunguze fedha, na wilaya husifiwa au huhojiwa. Katika sura hii nitatetea hoja moja: mfumo wa taifa wa kufuatilia wingi wa virusi usipimwe kwa asilimia nzuri unayoitoa, bali kwa kile kinachomfikia mtu ambaye majibu yake yamekuja mabaya.

Kipimo chenyewe

Wingi wa virusi ni idadi ya nakala za VVU katika mililita moja ya damu. Asiyetumia dawa anaweza kuwa na makumi ya maelfu ya nakala, wengine hata mamilioni. Kwa anayemeza ARV kila siku, na dawa zikamkubali, virusi hushuka hadi mashine isivione. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kipimo hiki kiwe njia kuu ya kujua kama dawa zinafanya kazi. Kabla ya hapo kliniki nyingi zilitegemea kuhesabu CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU. Udhaifu wa CD4 ni kwamba huchelewa kusema: virusi huanza kupanda kwanza, kinga hushuka baadaye, na mtu anaweza kumeza dawa zisizomsaidia kwa miezi mingi huku kadi yake ikionyesha kwamba yuko salama.

Julai 2023 WHO iligawa majibu katika makundi matatu. Mwenye zaidi ya nakala 1,000 hajafubaza. Mwenye virusi vinavyoonekana lakini visivyozidi 1,000 amefubaza, na uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana ni mdogo mno. Ambaye virusi vyake havionekani kabisa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia hiyo. Kwa wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, jibu hili hubadilisha maisha. Ndiyo maana nasema kipimo hiki ni haki ya mgonjwa kwanza, na takwimu ya serikali baadaye.

Safari ya mrija mmoja

Ili kuelewa taifa linavyopata asilimia yake, tufuate mrija mmoja wa damu. Mteja anafika CTC, yaani kliniki ya huduma na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Kadi yake inaonyesha kwamba ametimiza miezi 6 tangu aanze dawa, au mwaka umepita tangu kipimo cha mwisho. Muuguzi anavuta damu kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, ambao ndani yake una kemikali ya kuzuia damu isigande. Kisha anajaza fomu: namba ya mteja, umri, jinsia, dawa anazotumia, tarehe ya kuanza dawa, kama ni mjamzito au ananyonyesha, na sababu ya kipimo, kama ni cha kawaida au cha kurudia baada ya majibu ya juu. Fomu hii haionekani kuwa na uzito wowote, lakini kila takwimu utakayoisikia redioni imepita katika visanduku vyake.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Kwa kawaida damu hiyo inatakiwa izungushwe kwenye mashine ndani ya saa 24, ili plazma, yaani maji ya rangi ya manjano yanayobeba seli za damu, itengane na seli hizo. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo, kwa hiyo mrija unapakiwa kwenye kisanduku cha baridi na kupelekwa hospitali yenye uwezo, na plazma inasafirishwa tena hadi maabara kubwa, kama zile za Muhimbili, Bugando, KCMC au Mbeya. Mahali ambako barabara hukatika masika, damu huweza kudondoshwa kwenye karatasi maalumu na kukaushwa. Karatasi hiyo husafiri bila barafu, ila usahihi wake hupungua pale virusi vinapokuwa vichache.

Katika kila kituo cha safari hii kitu kinaweza kupotea. Mrija ukichelewa au damu ikiganda, maabara huikataa sampuli. Namba ya mteja ikikosewa tarakimu moja, majibu hurudi bila mwenyewe. Umri usipojazwa, kijana wa miaka 16 haonekani katika takwimu za vijana. Kisanduku cha sababu ya kipimo kikiachwa wazi, mtu mmoja aliyepimwa mara mbili kwa kuwa alikuwa na virusi vingi huhesabiwa kama watu wawili wenye shida. Haya hayahitaji uzembe wa mtu ili yatokee. Yanahitaji tu siku yenye foleni ndefu na muuguzi mmoja.

Namba inayopanda watu wakipotea

Sasa tuje kwenye hesabu, nami naomba msomaji asiikimbie, maana haizidi kugawanya. Chukua kliniki ya mfano yenye wateja 1,000 wanaotumia dawa, wote wakapimwa mwaka huu, na 900 wakakutwa wamefubaza. Hiyo ni asilimia 90. Kati ya wale 100 waliobaki, 60 wanaacha kuja kliniki: mmoja kahamia mgodini, mwingine kaacha kwa sababu mumewe hajui hali yake, mwingine kachoka. Mwaka unaofuata kliniki ina wateja 940, na wale 900 bado wamefubaza. Asilimia sasa ni karibu 96. Kliniki imevuka lengo la kimataifa la 95, na hakuna hata mtu mmoja aliyepata nafuu. Ni sawa na mwalimu anayetangaza wastani wa darasa kwa waliofika kwenye mtihani tu.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni wale ambao hawakupimwa. Tuseme kati ya wateja 1,000 damu ilichukuliwa kwa 700, majibu yakarudi kwa 630, na 600 wakawa wamefubaza. Ripoti itasema asilimia 95, kwa kuwa 600 imegawanywa kwa 630. Lakini watu tunaojua kwa hakika kwamba wamefubaza ni 600 kati ya 1,000. Wale 370 wasio na majibu hatuwajui, na hatuna sababu ya kudhani kwamba wanafanana na waliopimwa. Anayeruka tarehe ya kipimo mara nyingi ndiye huyo huyo anayeruka dawa.

Kwa ufupi: asilimia ya kufubaza haina maana mpaka uambiwe imegawanywa kwa nani. Idai pamoja na namba mbili zaidi: wangapi walistahili kupimwa na hawakupimwa, na wangapi wametoroka huduma tangu ripoti iliyopita.

Utafiti wa kaya unaziba pengo gani?

Mtu anaweza kusema kwamba hofu hii imeshajibiwa na tafiti za kaya, ambapo wapimaji hupita nyumba kwa nyumba badala ya kungoja watu waje kliniki. Tanzania imefanya utafiti wa namna hiyo mwaka 2016 hadi 2017, na tena 2022 hadi 2023, Bara na Zanzibar. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Ile 94 niliyoanza nayo inatoka katika utafiti wa pili, na ripoti hiyo hiyo ina namba ambayo haikupigiwa kelele sana: ukiwachukua watu wazima wote wenye VVU, wakiwemo wasiojua hali zao na wasiotumia dawa, waliofubaza ni asilimia 78. Miaka 6 kabla yake ilikuwa 52. Hatua hiyo ni kubwa na inastahili pongezi. Hata hivyo, katika nchi yenye takriban watu wazima milioni 1.5 wanaoishi na VVU, asilimia 22 ni zaidi ya watu laki 3. Wengi wao hawamo katika takwimu za kliniki yoyote, kwa sababu hawajui kwamba wanaumwa. Wanaume wako nyuma ya wanawake: karibu 72 kati ya 100 kwa wanaume, 81 kwa wanawake.

Kwa hiyo utafiti wa kaya unajibu swali la "nani hakuhesabiwa" vizuri kuliko chanzo kingine chochote. Lakini huja kila baada ya miaka mingi, unagharimu sana, na sampuli yake haitoshi kusema hali ya halmashauri moja moja. Mganga mkuu wa wilaya hawezi kuusubiri ili ajue kwamba mwezi uliopita zahanati fulani iliacha kuleta damu. Kazi hiyo ni ya mfumo wa kila siku, ule wa mirija, fomu na majibu. Vyanzo hivi viwili havishindani. Kimoja kinatuambia shimo lina ukubwa gani, kingine ndicho kinachoweza kumtoa mtu shimoni.

Mfumo unapimwaje?

Kutathmini mfumo wa ufuatiliaji wa ugonjwa ni taaluma yenye kanuni zake. Mwongozo unaotumika zaidi ulitolewa mwaka 2001 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na vijana wetu wanaosomea epidemiolojia ya uwandani, yaani uchunguzi wa magonjwa katika jamii, huutumia hadi leo. Ukiuvua maneno ya kitaalamu, mwongozo huo unauliza maswali ya kawaida kabisa. Haya ndiyo yanayonihusu hapa:

- Je, mfumo ni rahisi kiasi kwamba mhudumu mmoja mwenye foleni anaweza kuufuata?
- Je, yaliyoandikwa ni kamili na sahihi?
- Je, wanaouendesha na wanaopimwa wanaukubali?
- Je, makundi yote yamo, au waliokuja tu?
- Je, taarifa hufika kwa wakati?
- Je, mfumo hudumu hata mambo yakiharibika?
- Je, kuna jambo lolote linalofanyika kwa sababu yake?

Swali la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Mfumo unaweza kuwa rahisi, sahihi na wa haraka, na bado usimsaidie mtu. Lakini kwa ugonjwa huu, njia ya uhakika ya kulijibu ni kuanza na lile la wakati, kwa sababu hapo ndipo tathmini nyingi huridhika mapema mno.

Saa inayosimamishwa kabla ya mwisho

Kenya ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazikuthubutu. Mpango wake wa taifa wa kudhibiti UKIMWI uliweka takwimu za wingi wa virusi kwenye tovuti iliyo wazi, na mtu yeyote aliweza kuona, kaunti kwa kaunti, sampuli ngapi zilikataliwa na muda uliotumika katika kila hatua: kutoka kuchukuliwa damu hadi kufika maabara, kutoka kufika hadi kupimwa, na kutoka kupimwa hadi majibu kutumwa. Uwazi huo una faida ya moja kwa moja. Ukiona siku nyingi zinaliwa barabarani na chache maabara, hutanunua mashine nyingine ya mamilioni. Utatafuta pikipiki.

Lakini tazama saa hiyo inasimama wapi: majibu yanapotumwa. Kutumwa si kufika, na kufika kliniki si kumfikia mwenye damu. Wateja wanaoendelea vizuri siku hizi hupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja, utaratibu mzuri unaowaondolea nauli na foleni. Sasa mfikirie mama aliyepewa dawa za miezi 6 siku ile ile aliyotolewa damu. Majibu yanarudi baada ya wiki 3, nakala 40,000. Kwenye ripoti ya maabara kila kitu kimekwenda sawa. Karatasi inawekwa kwenye faili lake, na faili linamngoja mpaka arudi. Ndipo aanze ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa, kwa kawaida vikao vya mwezi mmoja mmoja kwa miezi 3, apimwe tena, majibu yasubiriwe tena, na kama bado yako juu dawa ibadilishwe. Mwaka unaweza kupita. Kama alikuwa ananyonyesha, mwaka huo ndio ambao mtoto alikuwa katika hatari ya kuambukizwa.

Hakuna aliyefanya kosa la kutisha katika mlolongo huo. Kilichokosekana ni tarehe moja, ile ya siku mteja alipoambiwa. Mfumo usioirekodi hauwezi kujua kwamba umemwacha mtu, na tathmini isiyoitafuta itautunuku mfumo huo alama za juu kwa kasi ya maabara.

"Fedha hizo zingenunua dawa"

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la fedha: kuhesabu ni anasa, nunueni dawa. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu vitendanishi, yaani kemikali za kipimo hiki, ni ghali na makarani wa takwimu wanalipwa mishahara. Lakini dawa isiyofanya kazi ndani ya mwili wa mtu ni fedha iliyokwisha kupotea, na bila kipimo hatutajua imepotea wapi. Tena mengi ninayoyadai hayaongezi kipimo hata kimoja. Yanadai tu kwamba kipimo kilichokwisha kulipiwa kimfikie aliyepimwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Wanaoliweka husema kwamba tangu dolutegravir, dawa ambayo ndiyo msingi wa matibabu ya sasa, ienee, wengi mno wanafubaza, na virusi si rahisi kuizoea. Kwa nini basi tuendelee kufuatilia kwa ukali ule ule? Ni kweli dawa hii ni imara. Lakini ripoti ya WHO ya mwaka 2024 kuhusu usugu, yaani hali ya virusi kuizoea dawa hadi isivizuie tena, ilionyesha kwamba katika tafiti za nchi kadhaa usugu kwa dolutegravir ulionekana kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na ulifika 19.6 katika kundi la watu waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa tayari wana virusi vingi. Hiyo haimaanishi kwamba mtumiaji mmoja kati ya watano ana usugu. Inamaanisha kwamba hatari imejificha kwa wale wale wenye majibu ya juu, na kadiri wanavyokuwa wachache ndivyo inavyokuwa rahisi kuwasahau. Baada ya dolutegravir, dawa za akiba tulizonazo ni chache na ni ghali.

La tatu ni la siri, na hili linanigusa kuliko yote. Ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili, na anayehama kutoka Njombe kwenda Geita asionekane kuwa mtoro, mfumo unahitaji kumtambua popote aendapo. Watu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Jina likivuja kijijini, ndoa na biashara zinaweza kuvunjika. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda usiri wa majibu, na ya mwaka 2022 inalinda taarifa binafsi kwa jumla, lakini sheria hailindi faili lililoachwa wazi mezani. Msimamo wangu ni kwamba namba ya mteja inatosha kwa takwimu za taifa. Jina na simu vibaki kituoni, mikononi mwa wachache wanaojulikana. Na konga, yaani vikundi vya WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wenyewe, ziulizwe kabla ya utaratibu mpya kuanza, maana anayeogopa mfumo huuepuka, na akiuepuka amekwisha kutoka kwenye hesabu.

Mfumo unaolipiwa na mwingine

Uimara wa mfumo huonekana siku ya shida. Mapema mwaka 2021 mvutano kati ya serikali ya Kenya na Marekani kuhusu kodi na ununuzi ulichelewesha shehena ya ARV katika bandari ya Mombasa, na vitendanishi vya kupima wingi wa virusi vikaadimika. Januari 20, 2025, amri ya rais wa Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Katika nchi zetu, ambako fungu la Marekani la UKIMWI limekuwepo tangu 2003 na limelipia sehemu kubwa ya maabara, usafirishaji wa sampuli na makarani, kazi nyingi zilisimama ghafla. Hatari yake kwa takwimu haionekani upesi. Vipimo vikipungua, asilimia ya kufubaza haishuki. Inaweza hata kupanda, kwa sababu wanaoendelea kupimwa ni wale wa mjini, walio karibu na maabara na wanaofika kliniki bila kukumbushwa. Mfumo unaweza kuwa unaanguka huku dashibodi ikionyesha kijani.

Mafaili 20

Tathmini kamili huchukua miezi na bajeti. Ipo nyingine ambayo timu ya afya ya halmashauri inaweza kuifanya kwa siku moja kila robo mwaka, bila mgeni wala semina. Waombe maabara namba za majibu 20 yaliyozidi nakala 1,000, yaliyotumwa miezi 4 iliyopita. Waende CTC wakayatafute mafaili hayo moja moja na kuandika tarehe tano: damu ilipochukuliwa, majibu yalipofika kituoni, mteja alipoambiwa, ushauri nasaha ulipoanza, na kipimo cha marudio kilipofanyika. Faili lisilopatikana liandikwe kwamba halikupatikana, lisibadilishwe na jingine. Tarehe isiyokuwepo iachwe wazi, isikisiwe.

Jioni watakuwa na karatasi moja yenye mistari 20. Watajua ni wangapi waliambiwa, na baada ya siku ngapi. Namba za wale ambao hawajaambiwa zikabidhiwe siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa kituo anayewafahamu, ili awapigie simu au awafuate kwa njia waliyoikubali wenyewe walipojiandikisha. Karatasi ya robo inayofuata ianze na hao, kabla ya 20 wapya.